Chama cha tatu cha siasa za wastani Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, wanaoufuatilia kwa Kiswahili huuliza jambo lilelile: nchi yenye watu zaidi ya milioni 330 inakosaje chama cha tatu, tena cha watu wasiopenda kelele? Majibu yafuatayo yana upande. Naamini chama cha wastani kinahitajika Marekani. Naamini pia kwamba karibu wote waliojaribu kukianzisha walibisha hodi kwenye mlango usio wake, yaani Ikulu.

Kwani Marekani ina vyama viwili tu?

Kisheria hapana. Chama cha Libertarian kilianza mwaka 1971, Green kipo, na majimboni kuna vyama vidogo ambavyo hata mkazi wa jimbo jirani hajavisikia. Mwaka 2016 Gary Johnson wa Libertarian alipata kura zaidi ya milioni 4, kama asilimia 3.3. Ila hivi si vyama vya wastani: Libertarian wanataka serikali iondoe mkono wake karibu kila mahali, na Green wako kushoto zaidi ya Wademocrat. Seneti ina watu wawili wasio na chama, Bernie Sanders wa Vermont na Angus King wa Maine, na wote huketi na Wademocrat kamati zinapogawanywa.

"Wastani" ni nini hasa? Mbona inasikika kama uji wa vuguvugu?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna wastani wa rula: pima anachotaka huyu, pima anachotaka yule, kata katikati. Siasa za namna hiyo hazina mwenyewe, na historia ya Marekani ilishazipima. Mwaka 1860, nchi ikiwa inapasuka kwa sababu ya utumwa, wanasiasa wakongwe, wengi wao wakiwa wameachwa yatima na kifo cha chama cha Whig, waliunda chama cha Constitutional Union wakamsimamisha John Bell wa Tennessee. Ilani yao ilikuwa Katiba, muungano wa majimbo na utekelezaji wa sheria. Kuhusu utumwa kuenea katika maeneo mapya ya magharibi, jambo lenyewe lililokuwa likiwagombanisha watu, walinyamaza. Walichukua majimbo matatu, Virginia, Kentucky na Tennessee, na kura 39 za wajumbe wanaomchagua rais. Abraham Lincoln akashinda kwa chini ya asilimia 40 ya kura za wananchi, miezi michache baadaye vita vikaanza, na Bell mwenyewe akaishia upande wa Kusini. Kati ya anayemiliki mtu na anayesema mtu hamilikiwi hakuna kiti cha kukalia. Bell alikuwa amelikwepa swali.

Kuna wastani wa pili, wa mtu mwenye msimamo ambao haulingani na orodha ya chama chochote. Chukua uhamiaji. Mwaka 2013 maseneta wanane, wanne kutoka kila upande, waliandika muswada uliofunga mpaka kwa nguvu na wakati huohuo ukafungua njia ndefu ya uraia kwa mamilioni ya watu wanaoishi nchini humo bila karatasi. Seneti iliupitisha mwezi Juni kwa kura 68 dhidi ya 32. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura hata siku moja, kwa sababu Spika John Boehner hakutaka kuleta mezani muswada ambao wengi wa chama chake walikuwa wakiupinga. Muswada ule ulikuwa mkali kwa mkono mmoja na wa huruma kwa mkono mwingine, na ulikuwa na wingi. Ulichokosa ni kundi la wabunge lenye nguvu ya kumwambia Spika: ulete, au kiti chako kinaondoka.

Huo ndio wastani ninaouzungumzia.

Wamarekani wenyewe wanakitaka chama hicho?

Wakiulizwa, ndiyo. Shirika la kura za maoni la Gallup lilipowauliza mwaka 2023, asilimia 63 walisema vyama viwili vinafanya kazi mbovu kiasi kwamba chama cha tatu kinahitajika. Mwaka huohuo asilimia 43 walijitambulisha kuwa hawafuati chama chochote, wengi kuliko wanaojiita Wademocrat au Warepublican.

Usishangilie mapema. Wengi wa hao "huru" ukiwabana kidogo wana upande wanaoegemea, na uchaguzi baada ya uchaguzi wanaupigia kura upande huohuo. Isitoshe, kila mmoja ana chama cha tatu chake kichwani. Mfanyabiashara wa Dallas anafikiria kodi ndogo na uhuru wa kutoa mimba, fundi wa Omaha anafikiria vyama vya wafanyakazi na mpaka uliofungwa. Wote wawili wanaitwa "huru" katika takwimu, na wakikutana mezani wanaweza kutupiana sahani.

Kama kiu ipo, kwa nini maji hayapatikani?

Kwa sababu ya kanuni za mchezo, zaidi ya ubaya wa watu. Kila wilaya ya uchaguzi ina kiti kimoja, na karibu kila mahali anayeongoza, hata kwa kura moja, hata kwa asilimia 35, ndiye mshindi. Msomi Mfaransa Maurice Duverger alieleza katika miaka ya 1950 kwamba utaratibu huu huzaa vyama viwili: mpiga kura anaogopa kuipoteza kura yake, anamkimbilia mmoja wa wawili wanaoweza kushinda, na wa tatu anabaki na makofi tu.

Waingereza wanatumia utaratibu huohuo wakapata somo chungu. Mwaka 1981 wanasiasa wanne wazito walijitenga na chama cha Labour wakaanzisha chama cha wastani, SDP, kilichoungana na Liberals. Katika uchaguzi wa 1983 muungano wao ulipata asilimia 25.4 ya kura, Labour ikapata 27.6. Labour ilitoka na viti 209. Wenzao wa wastani walitoka na 23, kati ya 650. Kura zao zilikuwa zimetandazwa nchi nzima kama siagi nyembamba juu ya mkate mkubwa.

Marekani inaongeza ugumu juu ya ugumu. Rais hachaguliwi kwa jumla ya kura za wananchi bali kwa kura 538 za wajumbe, na majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska humpa anayeongoza wajumbe wote. Tazama tarakimu hizi, maana kwangu ndizo zinazosema zaidi katika suala zima. Mwaka 1948 Strom Thurmond, aliyetetea ubaguzi wa rangi, alipata asilimia 2.4 ya kura za taifa na kura 39 za wajumbe. Mwaka 1968 George Wallace, mbaguzi mwingine, alipata asilimia 13.5 na kura 46. Mwaka 1992 Ross Perot, bilionea wa Texas aliyehubiri nakisi ya bajeti kwa chati alizozionyesha mwenyewe kwenye televisheni, alipata asilimia 18.9, karibu kura milioni 20. Wajumbe wake: sifuri. Utaratibu huu unampa zawadi mwenye hasira iliyorundikana eneo moja, na unamwadhibu mwenye wafuasi waliotawanyika. Watu wa wastani wametawanyika.

Halafu kuna vikwazo vidogo vidogo ambavyo ukivijumlisha si vidogo. Kila jimbo lina sheria yake ya kuingiza jina kwenye karatasi ya kura. Tennessee inamtaka mgombea binafsi wa urais sahihi 275. Texas mwaka 2024 ilitaka zaidi ya 113,000. Na tangu mwaka 2000, tume iliyokuwa ikiandaa midahalo ya urais ilimtaka mgombea awe na asilimia 15 katika kura za maoni. Utafikaje asilimia 15 bila kuonekana kwenye mdahalo? Perot aliruhusiwa 1992, akafungiwa nje 1996, akashuka hadi asilimia 8.4.

Kwa nini wasirudie uchaguzi, kama Kenya isipopata asilimia 50 na kura moja?

Swali zuri, na Wakenya wana haki ya kuliuliza. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa asilimia 36 hivi kwa sababu upinzani ulijigawa kwa Matiba, Kibaki na Odinga. Katiba ya 2010 ikaweka sharti la zaidi ya nusu.

Marekani ina utaratibu huo pale na hapa tu. Georgia unatumika: Novemba 2020 David Perdue, seneta Mrepublican aliyetetea kiti chake, aliongoza kwa asilimia 49.7, mgombea wa Libertarian akachukua 2.3, uchaguzi ukarudiwa Januari 2021, na Jon Ossoff, Mdemocrat, akashinda.

Kwa urais mambo ni ya ajabu zaidi. Asipopatikana mwenye kura 270 za wajumbe, Baraza la Wawakilishi ndilo linalochagua, na humo kila jimbo lina kura moja. California yenye watu karibu milioni 40, kura moja. Wyoming yenye watu wasiofika 600,000, kura moja. Anayefikisha 26 ndiye rais. Ilitumika mwaka 1824, na Andrew Jackson aliyeongoza kwa kura akaona John Quincy Adams anaapishwa. Kwa hiyo mgombea wa wastani akifanikiwa nusu nusu, yaani akazoa majimbo matatu manne na kuwanyima wengine 270, uamuzi unarudi mikononi mwa vyama vilevile alivyovikimbia.

Hakitagawa kura na kumpitisha mtu mbaya zaidi?

Kwenye urais, hatari hiyo ni ya kweli, na wanaoidharau hawakumbuki Florida. Mwaka 2000 George W. Bush alishinda jimbo hilo, na pamoja nalo urais, kwa kura 537. Ralph Nader wa Green alikuwa na kura 97,488 palepale. Huhitaji hesabu ngumu.

Nitaongeza jambo moja la haki: si kila wa tatu huharibu. Wapiga kura wa Perot walipohojiwa mwaka 1992 wangemchagua nani asingekuwapo, waligawanyika karibu sawasawa kati ya Bush baba na Clinton. Hata hivyo hakuna anayeweza kukuhakikishia mapema kwamba yako itakuwa kama ya Perot na si ya Nader.

Si ndiyo No Labels walijaribu mwaka 2024?

Walijaribu. Kundi hilo la siasa za wastani lilianzishwa mwaka 2010, likakusanya fedha nyingi, likapata nafasi kwenye karatasi za kura za majimbo kadhaa, kisha likazunguka likitafuta mgombea wa urais. Seneta Joe Manchin alikataa, Larry Hogan, gavana wa zamani wa Maryland, akaenda kugombea Seneti jimboni kwake, wengine wakasema asante. Tarehe 4 Aprili 2024 likafunga duka, siku chache baada ya kifo cha Joe Lieberman, mmoja wa viongozi wake. Tumezoea mtu anayetafuta chama cha kumbeba. Hapa chama kilikuwa kinatafuta mtu, na ilani ikisubiri mtu apatikane kwanza. Mbio za sakafuni.

Basi mlango ni upi?

Baraza la Wawakilishi kwanza, Seneti pili, mabunge ya majimbo sambamba navyo. Ikulu isubiri.

Januari 2023 Warepublican walikuwa na viti 222 kati ya 435. Kevin McCarthy alihitaji raundi 15 za kura ili awe Spika, kwa sababu wenzake kama 20 wa mrengo mkali walimkatalia mpaka akawapa walichotaka: viti katika kamati muhimu, na kanuni iliyomruhusu mbunge mmoja tu kuleta hoja ya kumng'oa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo waliitumia. Warepublican 8 waliungana na Wademocrat, McCarthy akaondoka kwa kura 216 dhidi ya 210. Watu wanane katika nchi nzima.

Kama wanane wenye hasira waliweza kumwondoa Spika, wanane wenye utulivu wangeweza kumweka. Baada ya uchaguzi wa 2024 Warepublican walikuwa na viti 220 na Wademocrat 215. Vitatu tu vingetoka upande wa kwanza vikaenda kwa chama cha tatu, asingekuwapo mwenye 218, yaani zaidi ya nusu. Kila anayeutaka uspika angelazimika kubisha kwao, nao wangesema bei yao: muswada fulani upigiwe kura hadharani, bajeti ipite kwa wakati, kamati zigawanywe upya. Muswada wa 2013 ungefufukia hapo. Seneti tuliona kitu cha kufanana mwaka 2021 na 2022, ilipokuwa 50 kwa 50: Manchin wa West Virginia na Kyrsten Sinema wa Arizona waliamua kipi kinapita na kipi kinakufa, ingawa karibu muda wote huo wote wawili walikuwa bado Wademocrat na kila mmoja alikuwa na ajenda yake. Sijasema nilipenda kila walichokikwamisha. Nasema turufu ilikuwa mikononi mwao.

Wanaodhani serikali ya mseto haiwezekani Marekani waitazame Alaska. Baada ya uchaguzi wa 2022, maseneta 17 kati ya 20 wa jimbo hilo, Warepublican na Wademocrat pamoja, waliunda upande mmoja wa uongozi wakawaacha watatu nje.

Na viti hivyo vitapatikana wapi?

Mahali ambapo chama kimoja kimetawala mpaka kingine kimekata tamaa. Watu wengi huwaza kinyume, wanakimbilia wilaya zenye ushindani mkali, na huko ndiko kura inapogawanyika. Kwenye ngome ya chama kimoja, kile dhaifu kinaweza kukaa pembeni na kumwachia uwanja mgombea huru.

Nebraska mwaka 2024, Dan Osborn, fundi mitambo aliyeongoza mgomo wa wafanyakazi wa Kellogg mjini Omaha mwaka 2021, aligombea Seneti bila chama. Wademocrat hawakusimamisha mtu. Alishindwa na Mrepublican Deb Fischer kwa tofauti isiyofika asilimia 7, katika jimbo ambalo Donald Trump alishinda kwa takriban 20. Utah mwaka 2022 Evan McMullin alifanya vivyo hivyo dhidi ya Mrepublican Mike Lee, akapoteza kwa kama asilimia 10, katika jimbo ambalo Wademocrat kwa kawaida hupigwa vibaya zaidi ya hapo. Wote walishindwa, najua. Lakini walishindwa wakiwa na mguu mmoja mlangoni.

Kuna aliyewahi kushinda kweli?

Ugavana umetoa wachache. Lowell Weicker alishinda Connecticut mwaka 1990 kwa chama alichokianzisha mwenyewe, akapitisha kodi ya mapato mwaka uliofuata, jambo ambalo vyama vyote viwili vilikuwa vikilikwepa, akazomewa hadharani na hakugombea tena. Kodi ipo mpaka leo. Angus King alikuwa gavana wa Maine kwa mihula miwili bila chama kabla ya kwenda Seneti. Jesse Ventura, mpiganaji mieleka wa zamani, alichukua Minnesota mwaka 1998 kwa asilimia 37 akiwa na Reform Party ya Perot. Alisaidiwa na midahalo aliyoruhusiwa kuingia na sheria ya jimbo inayomruhusu mtu kujiandikisha siku hiyohiyo ya kura. Ila alitawala bila kundi la wabunge wake nyuma yake, akaondoka baada ya muhula mmoja, na chama hakikubaki na kitu.

Weicker na Ventura waliingia kama watu, wakatoka kama watu. Nyuma yao hakukuwa na diwani, hakukuwa na mbunge wa jimbo, hakukuwa na katibu wa tawi.

Hii habari ya kupanga wagombea kwa namba inasaidia?

Inasaidia, na si dawa ya kila ugonjwa.

Utaratibu ni huu: badala ya kuweka alama moja, unaandika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinaenda kwa chaguo la pili la waliompigia. Hofu ya kupoteza kura inapungua.

Maine waliufikia kwa machungu. Mwaka 2010 Paul LePage, Mrepublican wa maneno makali, alipata ugavana kwa asilimia 37.6. Nyuma yake alikuwa Eliot Cutler, mgombea huru wa wastani, kwa 35.9, na Mdemocrat akabaki wa tatu. Wananchi waliupitisha utaratibu mpya mwaka 2016. Mwaka 2018 Bruce Poliquin, Mrepublican, aliongoza raundi ya kwanza ya kiti cha Bunge, na Jared Golden, Mdemocrat, akashinda chaguo za pili zilipohesabiwa. Kichekesho ni kwamba mahakama ya juu ya jimbo ilisema katiba ya Maine hairuhusu utaratibu huo katika uchaguzi mkuu wa gavana, yaani nafasi ileile iliyowafanya watu wautake.

Alaska walienda mbali zaidi: mchujo mmoja kwa wagombea wote, wanne wa juu wanaingia fainali, kisha wananchi wanawapanga kwa namba. Mwaka 2022 Lisa Murkowski, Mrepublican aliyepiga kura ya kumtia Trump hatiani Februari 2021, alirudi Seneti kwa njia hiyo akimshinda mgombea aliyeungwa mkono na Trump. Lakini Agosti mwaka huohuo, katika uchaguzi mdogo wa kiti cha Bunge, Mrepublican Nick Begich alitolewa wa kwanza, ingawa kura zenyewe zilivyochambuliwa zilionyesha angemshinda Mrepublican mwenzake Sarah Palin wakiwa wawili tu, na angemshinda pia Mary Peltola, Mdemocrat aliyetangazwa mshindi. Aliyekubalika na wengi kama chaguo la pili alikosa chaguo za kwanza za kutosha. Anayeuza utaratibu huu kwa watu wa wastani bila kuwaambia hilo anauza mbuzi kwenye gunia.

Novemba 2024 wapiga kura wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon waliyakataa mapendekezo ya aina hii. Alaska waliuokoa wa kwao kwa tofauti ya kura zisizofika 1,000.

Tatizo liko kwenye mchujo au kwenye uchaguzi mkuu?

Kwenye mchujo, nikilazimika kuchagua. Warepublican 10 wa Baraza la Wawakilishi walipiga kura ya kumshtaki Trump Januari 2021. Wanne hawakugombea tena, wanne waliangushwa kwenye mchujo, wawili walirudi: David Valadao wa California na Dan Newhouse wa Washington. Majimbo hayo mawili yana mchujo wa pamoja, ambapo wagombea wa vyama vyote wako kwenye karatasi moja na wawili wa juu wanaendelea. Sitasema hiyo ndiyo sababu pekee. Ila mwanasiasa anaona nani alipona na wapi, na anajifunza.

Je, mgombea mmoja anaweza kusimamishwa na vyama viwili?

New York na Connecticut, ndiyo: jina lilelile linaonekana chini ya vyama viwili na kura zinajumlishwa. Hapo chama cha wastani kingeweza kumpa yeyote mwenye staha muhuri wake, bila kuharibu kura, huku kikionyesha kina watu wangapi. Karne ya 19 jambo hili lilikuwa la kawaida, kisha majimbo mengi yakalipiga marufuku, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikasema marufuku hiyo haivunji Katiba. New Jersey chama kiitwacho Moderate kilijaribu mwaka 2022 kumsimamisha Tom Malinowski, aliyekuwa tayari mgombea wa Wademocrat. Kilikataliwa.

Fedha je? Bilionea akijitokeza?

Ajihadhari mwenye chama. Mgombea wa chama kidogo akifikisha asilimia 5 ya kura za urais, chama chake kinaweza kupata ruzuku ya serikali uchaguzi unaofuata. Kura za Perot za 1996 ziliipatia Reform Party dola milioni 12.6 kwa ajili ya mwaka 2000. Fedha hizo zilimvuta Pat Buchanan, mtu wa kulia kabisa, akauteka uteuzi, akapata asilimia 0.4, na chama kikafa kifo cha aibu. Chama chenye fedha na kisicho na matawi ni nyumba isiyo na kitasa.

Elon Musk alitangaza chama chake Julai 2025, wakati wa ugomvi wake na Trump. Cha kushangaza, mkakati aliouandika ulikuwa wa akili: viti 2 au 3 vya Seneti na wilaya 8 hadi 10. Wazo likapoa. Hesabu ilikuwa sahihi, mwenye hesabu hakuwa mtu wa wastani.

Vyama vikubwa havitaziiba hoja zake?

Vitaiba, na viibe. Chama cha Populist cha mwaka 1892 kilidai kodi ya mapato na maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja. Chenyewe kilizikwa, na madai yote mawili yakaingia kwenye Katiba mwaka 1913. Kelele za Perot kuhusu nakisi ziliwafanya wote wawili, Ikulu na Bunge, waigope, na mwaka 1998 bajeti ya Marekani ikawa na ziada.

Mimi ni raia mpya, nimehamia kutoka Mombasa, Kigoma au Bukavu. Nijiandikishe bila chama?

Inategemea unaishi wapi, kwa hiyo uliza kabla ya kujaza fomu. Texas na Minnesota hakuna kujiandikisha kwa chama. Siku ya mchujo unachagua tu utapigia upande gani. Ohio ni karibu hivyohivyo, unaomba karatasi ya chama siku ileile. Maine, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo, Rwanda na Burundi wameweka makazi Portland, asiyejiandikisha na chama sasa anaruhusiwa kushiriki mchujo wa chama kimoja atakachochagua. Lakini Pennsylvania, New York na Florida, asiye na chama anafungiwa nje ya mchujo wa wagombea wa vyama. Huko, kama wilaya yako ni ngome ya chama kimoja, mchujo ndio uchaguzi wenyewe, nawe utakuwa umejinyima kura kwa ajili ya jina zuri la "huru". Ningekuwa wewe ningejiandikisha na chama kinachotawala wilaya yangu, nikapige kura ya mchujo kwa yule aliye mtulivu kuliko wenzake, na Novemba nikampigia ninayemtaka. Hakuna sheria inayokulazimisha kufuata kadi yako siku hiyo.